Kanzu Kwenye Kioo cha Simu: Kisa cha Huduma ya Filamu za Kigiriama Mjini Malindi

Kabla ya kisa

Nilikuwa katibu wa vikao vilivyokalia jambo hili, na daftari la vikao hivyo ninalo hadi leo. Nimeondoa majina ya watu, jina la huduma, jina la mtaa na maneno fulani ya mchezo uliozua ugomvi. Kazi za watu wawili nimezibadilisha. Mfuatano wa mambo sikuugusa.

Swali lililozunguka mtaani ni lile linaloulizwa kwingi siku hizi: huduma ya filamu mtandaoni ikiwalenga watu wa lugha moja au utamaduni mmoja, inawatenga na wenzao au inatuongezea sote? Nami nilikuwa na jibu langu kabla ya kisa hiki, na jibu hilo halikubaki lilivyokuwa.

Wahusika nitawaita kwa nafasi zao. Mwanzilishi ni kijana aliyebuni huduma. Mwandishi ni mwanamke anayetunga michezo. Mwigizaji ndiye aliyevaa kanzu. Bi Mkalimani ni mama muuza mahamri na mbaazi, babake Mswahili, mamake Mgiriama.

Usuli

Malindi, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ni mji wa watu waliokaa pamoja muda mrefu bila kusahau nani ni nani: Wagiriama, Waswahili, Wabajuni, Waarabu, watu wa bara waliofuata biashara, Waitaliano wenye nyumba zao karibu na ufuo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, hospitalini na kituo cha matatu. Kigiriama ni lugha ya nyumbani na ya matanga, na kwa wazee wengi ndiyo lugha pekee wanayoweza kuitumia wakiwa na uchungu au furaha kubwa.

Lugha hizi mbili ni ndugu. Wataalamu huziweka katika kundi moja, la Kisabaki, pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Mswahili akisikia *madzi* anajua ni maji. Akisikia *mudzi* anawaza mji wenye maduka na taa, na huku Mgiriama anayesema hivyo mara nyingi anakusudia boma lake. Ndiyo maana Mswahili wa Malindi akisikiliza Kigiriama hupata nusu, na nusu ya pili huijaza mwenyewe. Ukiacha ardhi, hakuna jambo lenye uzito zaidi ya hilo katika kisa hiki.

Ardhi nayo tuiseme. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa pwani. Walioweza kudai kwa utaratibu wa serikali walipata karatasi. Wamijikenda wengi, yaani Wagiriama na jamii ndugu zao za pwani, hawakupata, wakabaki kupanda minazi na mikorosho, na kuzika wafu wao, katika mashamba ambayo kwa karatasi ni ya watu wengine. Neno *skwota*, mtu anayeishi kwenye ardhi asiyo na hati yake, limekaa katika vinywa vya watu wa Kilifi tangu hapo. Leo mjukuu wa mwenye karatasi na mjukuu wa asiye nayo hupanda tuktuk moja wakicheka pamoja, na jeraha lipo chini ya mazungumzo yao.

Huduma yenyewe ilianza kwa njaa. Aprili 2020 serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Kilifi kwa sababu ya korona, na mikusanyiko ikapigwa marufuku, kikundi cha michezo ya kuigiza kilichokuwa kikialikwa kwenye sherehe kilibaki bila kazi. Mwanzilishi aliomba kamera ya kukodi, wakarekodi mchezo mfupi wa kuchekesha kwa Kigiriama, wakauza kwa shilingi ishirini kwa wiki kupitia M-Pesa. Walitazamia majirani tu. Wateja wakatoka Ganze, Kaloleni, Mariakani, Kisauni, na Saudi Arabia na Qatar, kwa mabinti wanaofanya kazi za nyumbani.

Nilimwona bibi mmoja akitazama kwa mara ya kwanza, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Miaka yote alikuwa ameketi mbele ya televisheni ya mwanawe akiangalia midomo ya watu ikicheza. Siku hiyo alijibizana na waigizaji, akamwonya mmoja wao asimwamini mkaza mwanawe, akacheka mpaka akashika ubavu. Anayesema huduma kama hii haina faida kwa jamii, ningetamani angekuwepo jikoni mle.

Kilichotokea

Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Msimu wa pili, sehemu ya nne, ulimleta mhusika mpya: mwenye shamba asiyeonekana miaka nenda miaka rudi, ambaye siku moja anashuka kwenye tuktuk akiwa na kanzu, kofia ya viua na bakora, mkononi karatasi ambayo hakuna anayeweza kuisoma. Anapima shamba kwa bakora. Anapita na kipimo chake juu ya makaburi, asijue ni makaburi, huku wenyeji wakimfuata nyuma wakinong'onezana.

Kwa Mgiriama aliyekulia kwenye shamba la namna hiyo, hayo ni maisha yake, na kicheko ndicho kilichomwezesha kuyatazama. Katika sehemu ya tano tunakuja kujua kwamba mwenye shamba mwenyewe ametapeliwa. Karatasi ni ya bandia, na dalali aliyemuuzia ni Mgiriama wa palepale. Wawili hao, mdai na mdaiwa, wanaishia kuketi chini ya mwembe wakihesabu hasara.

Lakini sehemu ya tano haikusafiri. Kilichosafiri ni kipande cha sekunde arobaini hivi kutoka sehemu ya nne, mtu wa kanzu akikanyaga makaburi na wenyeji wakisema neno lililo la kawaida kabisa katika Kigiriama, ila sikio la Mswahili hulipokea kama tusi. Kiliingia katika vikundi vya WhatsApp Jumatano usiku kikiwa na sentensi moja juu yake: tazameni wanavyotutukana kwa lugha yao.

Kufikia Ijumaa kilikuwa mazungumzo ya kila baraza. Imamu aliombwa akiseme kwenye hotuba, akakataa. Alisema hazungumzii kitu ambacho hajakiona mwanzo hadi mwisho. (Namtaja kwa sababu uamuzi wake ule, wa dakika moja, uliokoa mengi kuliko vikao vyetu vyote.) Jumamosi usiku dirisha la chumba cha kuhariri lilivunjwa kwa mawe. Jumapili Mwigizaji alizuiwa na vijana njiani, akaulizwa kwa nini anaidhalilisha kanzu. Alikuwa akitoka kuswali Isha, amevaa kanzu yake mwenyewe, msikiti uleule wa waliomzuia. Ni Mwislamu, kama walivyo baadhi ya Wagiriama wa mjini, na jambo hilo lilikuwa limesahaulika ndani ya siku nne.

Upande wa pili nao haukulala. Katika vikundi vya vijana wa Kigiriama palianza kusemwa kwamba wameumia kwa kuwa ni kweli, na orodha ya maduka ya kususiwa ikaanza kuzunguka. Mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kiti cha kisiasa alituma ujumbe kwamba yuko tayari kuja kuhutubia.

Maamuzi

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumatatu, watu kumi na mmoja. Pendekezo la kwanza, la naibu wa chifu, lilikuwa kufuta sehemu ya nne, kuomba radhi na kufunga ukurasa. Alikuwa na hofu ya haki. Kila mtu pale alikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, jinsi redio za lugha za mama zilivyolaumiwa kwa uchochezi, hadi mtangazaji mmoja akashtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, katika kesi iliyokomeshwa Aprili 2016. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilizaliwa na maumivu hayo. Mwanzilishi naye alikuja na Katiba ya 2010 mkononi, Kifungu cha 7, kinachoitaka serikali kulinda na kukuza lugha za wananchi. Saa nzima ilipita watu wakirushiana sheria, na hakuna hata mmoja kati ya waliokasirika aliyekuwa ameitazama sehemu ya tano.

Tukaamua mambo haya. Mwanasiasa asije, na hilo halikuhitaji mjadala. Sehemu ya nne isifutwe, bali sehemu zote mbili zionyeshwe hadharani, kwenye shuka jeupe katika uwanja wa shule, Bi Mkalimani akifasiri kwa kipaza sauti. Sababu ilikuwa nyepesi: kipande kilikwisha kuenea, na kufuta mchezo kungeacha kipande peke yake kiwe ndio ukweli. Bi Mkalimani alichaguliwa kwa kuwa kila upande ulimhesabu wake. Yeye mwenyewe alisita siku nzima. Aliniambia, "Mwanangu, nikikosea neno moja, nitauza mahamri kwa nani?"

Jambo lililoleta mvutano mkali ni pendekezo kwamba tangu sasa kila mchezo usomwe na mtu wa jamii nyingine kabla ya kurekodiwa. Mwandishi alilipinga. Alisema hatamwandikia mlinzi wa mlangoni. Mimi nilipiga kura ya kuunga mkono pendekezo hilo, na lilishindwa kwa kura mbili. Badala yake Mwandishi mwenyewe alitoa lake: kuanzia msimu wa tatu, kila mchezo utoke na manukuu ya Kiswahili, maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, na misimu ya nyuma iwekewe manukuu hayo hayo polepole. Hakuna aliyelipinga. Nadhani wengi wetu tuliliona ni jambo dogo.

Usiku wa shuka jeupe

Watu waliketi pande mbili bila kuambiwa. Mwanzoni kicheko kilitoka upande mmoja, kikafuatwa na ukimya, kisha Bi Mkalimani akafasiri, na upande wa pili ukacheka kwa kuchelewa. Alipofika kwenye neno lililozua kisa alisimamisha picha. Akaeleza linavyotumika nyumbani kwa mamake, akatoa mifano mitatu, akawauliza wazee wa Kigiriama kama amekosea. Hakukosea.

Dalali alipofichuliwa, vicheko viligongana kwa mara ya kwanza. Baadaye mzee mmoja Mswahili alisimama. Alisema amezaliwa katika nyumba ambayo babake pia alizaliwa humo, na hadi leo hana hatimiliki. Alisema alikuja akiwa tayari kugomba, sasa anataka kujua huyo dalali wa kwenye mchezo ametungwa kwa mfano wa nani, kwa kuwa anadhani anamjua. Watu waliangua kicheko, na kile kicheko hakikuwa cha upande.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Wazee wawili waliondoka kabla ya mwisho, na mmoja wao hajarudi kuzungumza na Mwanzilishi mpaka ninapoandika haya. Na muuza duka mmoja alisema maneno niliyoyaandika yalivyo: "Zamani nilikuwa sielewi, nikidhani wanatusema. Sasa naelewa, na kweli kuna mahali wanatusema."

Alikuwa na haki. Manukuu yalipofika msimu wa kwanza, lilijitokeza onyesho la mvuvi wa Kibajuni lililojaa dharau tupu, lisilohitaji muktadha wowote kulielewa. Mwandishi aliitwa. Hakujitetea. Alisema, "Tuliandika tukijua hamsikii." Onyesho liliondolewa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Matokeo

Utulivu ulirudi ndani ya wiki mbili. Aliyevunja dirisha hakujulikana, wala hakutafutwa sana. Kususia maduka kulififia kabla hakujaanza. Uchaguzi ulipita bila kisa hiki kutajwa kwenye jukwaa lolote nililolisikia.

Kwa wateja, hesabu ni ya pande mbili. Wasiokuwa Wagiriama walianza kulipa, wengi wao majirani, na mabinti wa Ghuba walisema sasa wanatazama pamoja na wenzao Wakenya wa makabila mengine wanaoishi nao chumba kimoja. Wakati huohuo baadhi ya wateja wa mwanzo waliondoka. Yule bibi wa kopo la chumvi hakuondoka, ila alilalamika kwamba waigizaji siku hizi wanazungumza kama watu waliokaa na mgeni sebuleni. Nililitazama tena, nikaona anachosema. Mafumbo yamepungua. Matani ya mtu na mtani wake, ambayo tafsiri huyageuza kuwa matusi, Mwandishi huyaacha nje.

Uchambuzi

Kabla ya kisa hiki jibu langu lilikuwa kwamba huduma za namna hii hutenga. Niliona mfano wa redio, nikaona kila jamii na kioo chake, kila mtu akicheka chumbani kwake. Sasa naona nililaumu lugha kwa kosa la ukuta. Mchezo wa Kigiriama ulikuwepo miaka miwili bila kumdhuru mtu. Uliodhuru ni mchezo wa Kigiriama uliokatwa, ukapelekwa kwa watu walioelewa nusu yake.

Tuangalie pwani yetu yenyewe. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Mombasa kwa miaka mingi. Zilitengenezwa kwa Wahindi, kwa lugha isiyojulikana na watazamaji wengi wa Kiswahili, na hakuna aliyesema zinatugawa. Waimbaji wa taarabu walichukua mahadhi yake wakayavika mashairi ya Kiswahili, na Juma Bhalo alipendwa pwani nzima kwa kazi hiyo. Kitu cha watu wengine kilitutajirisha bila hata kufasiriwa.

Kwa nini basi Kigiriama, kilicho jirani, kilete mawe dirishani? Nimelifikiria sana hili. Filamu ya mtu wa mbali unaitazama kwa raha kwa sababu hujitafuti ndani yake. Filamu ya jirani unaingia ukitafuta uso wako. Ukiukuta, unataka kujua umechorwaje. Kadiri watu wanavyokaribiana na kudaiana, ndivyo kazi ya sanaa ya mmoja inavyosomwa na mwenzake kama ushahidi wa kile anachosemwa akiwa hayupo.

Huko Marekani hoja hii ina umri mrefu. Robert L. Johnson alianzisha BET, kituo cha televisheni, mwaka 1980 kwa ajili ya watazamaji weusi, na baadaye zikaja huduma za mtandaoni kama BET+, iliyoanza 2019, na ALLBLK, iliyochukua jina hilo 2021. Wapo wanaouliza kwa nini Waamerika weusi wawe na huduma yao. Nikitazama kisa chetu, naona swali hilo huelekezwa kwa wenye nafasi ndogo tu. Hapa Malindi Waitaliano hutazama vipindi vya Kiitaliano katika nyumba zao, na sijasikia kikao hata kimoja kikiitishwa kuuliza kama vinaigawa jamii. Mgiriama akitengeneza chake kwa kamera ya kukodi, tunaitana. Naliona hilo ni dhuluma, na nilikuwa sehemu yake siku ile niliyopiga kura ya kutaka michezo ikaguliwe.

Kura ile nilikosea kwa sababu nyingine pia. Mkaguzi angewalinda watazamaji na onyesho la mvuvi, ni kweli, lakini Mwandishi angelitoa akiwa ameshurutishwa, na dharau ingebaki moyoni ikitafuta mlango mwingine. Manukuu yalifanya kazi ambayo hatukuitarajia: yalimbadilisha anayeandika kabla hayajambadilisha anayetazama. Alipojua kwamba jirani anasikia, aliandika kama mtu anayesikiwa. Lile neno lake, kwamba waliandika wakijua hatusikii, ndilo ninaloliona kiini cha kisa chote. Huko ndiko utengano ulikuwa ukiishi, katika uhakika wa kutosikiwa.

Lakini malalamiko ya bibi hayaniondoki. Watu wana haki ya kuwa na mahali pa kusemezana wenyewe, wakataniana bila mgeni sebuleni, na mahali hapo palipungua. Ningekuwa na uamuzi, ningependekeza baadhi ya michezo, hasa ile ya matani ya nyumbani, ibaki bila manukuu, na michezo inayomgusa jirani isitoke kamwe bila manukuu. Mwandishi anasema mpaka huo hauchoreki kirahisi, kwa sababu jirani yuko katika kila mchezo wa Malindi. Huenda yuko sahihi.

Tulichoshindwa kabisa ni kasi. Kipande kilianza kuzunguka Jumatano, sisi tukaketi Jumatatu. Imamu pekee ndiye aliyefanya jambo kwa wakati. Kama Mwanzilishi angeituma sehemu ya tano usiku uleule wa Jumatano, bure, katika vikundi vilevile, sidhani dirisha lingevunjwa. Aliniambia hakufanya hivyo kwa kuona kwamba hana kosa. Ni kweli hakuwa na kosa, na siku tatu zikapita akiwa hana kosa.

Na kuna suala la malipo, ambalo tuliliacha bila mpango. Tafsiri ya sehemu moja humchukua Bi Mkalimani usiku mbili baada ya kuuza mbaazi alfajiri. Mwanzoni alifanya kwa mapenzi. Kisha akapewa kitu kidogo. Mwaka jana fedha zilipopungua, hakupewa chochote, na aliacha kimyakimya kama mama wa heshima anavyoacha. Sehemu tatu zikatoka bila manukuu. Mwanzilishi alidhani hakuna atakayejali. Simu zilianza kulia siku ya pili, nyingine kutoka kwa watu waliokuwa wamekuja uwanjani usiku ule wakiwa na hasira, wakiuliza tafsiri iko wapi, na Bi anaumwa au vipi.